Mwoga Hajilazi Relini

Nilitazama The Ghost and the Darkness (1996) hapa Kimilili nikitarajia kukosa usingizi. Wapi! Simba wananguruma vizuri, hata uhariri wa sauti ulipata Oscar, lakini muvi yenyewe haijui uoga ni nini.

Hadithi ni yetu. Mwaka 1898, wafanyakazi wa reli, wengi wao kutoka India, wanaliwa usiku wakijenga daraja la mto Tsavo. Picha zikapigwa Afrika Kusini, na Patterson, aliyewaua simba wote wawili mwenyewe, akabandikiwa mwindaji Mmarekani wa kubuni. Sawa, Hollywood ni Hollywood.

Kinachoniudhi ni vile wafanyakazi wanaonyeshwa. Wanapiga kelele, wanadandia treni, wanapotea. Kamera inabaki na wenye bunduki. Ilhali Patterson mwenyewe aliandika kwamba mamia walijilaza relini kusimamisha treni ndipo wapande, na kazi ya reli ikasimama wiki tatu. Sasa mtu anayejilaza mbele ya treni ni mwoga kweli?

Huku kwetu, kila baada ya miaka miwili Agosti ikifika, kijana husimama mbele ya kisu cha tohara bila kupepesa macho. Naheshimu. Lakini mimi nilipoacha chuo niliitwa dhaifu, kwa hivyo ile treni haijanitoka kichwani. Wahenga walishasema: kwa shujaa huenda kilio, kwa mwoga huenda kicheko. Ningelipa kuona muvi iliyopanda treni pamoja nao.