Uhakiki wa Hoja ya "Dawa ya Moto ni Moto" katika Ufundishaji wa Uandishi wa Virusi vya Kompyuta

Sehemu hii inahakiki hoja ya watetezi wa ufundishaji wa uandishi wa virusi vya kompyuta, kwamba anayetaka kulinda hana budi kujua kushambulia. Kwa Kiswahili hoja hiyo huvikwa methali: dawa ya moto ni moto.

Mfano unaorejelewa sana ni wa Chuo Kikuu cha Calgary, Kanada, ambacho mwaka 2003 kilitangaza kozi ya aina hiyo chini ya John Aycock. Baadhi ya kampuni za kinga za kompyuta ziliipinga, zikishikilia kwamba virusi vilivyokwisha kuenea vinatosha kuchambuliwa. Chuo kilijibu kwa kutaja tahadhari zake: maabara isiyounganishwa na mtandao wa nje, pamoja na mafunzo ya sheria na maadili.

Methali ina ukweli wake. Anayezuia moto wa msitu huweza kuchoma ukanda mwembamba mbele yake ili ukose cha kula. Hata hivyo, ukanda ukishaungua huzimika. Kirusi hujinakili, na nakala moja ikitoka maabara hairudi. Mlinganisho ulio karibu zaidi ni wa mfereji. Katika mifereji ya mto Nduruma, anayechafua maji juu humdhuru mkulima wa chini ambaye hakuulizwa. Kwa hiyo ridhaa ya mwalimu na mwanafunzi haitoshi kuhalalisha zoezi, kwa kuwa mhanga hayumo darasani.

Upungufu mkubwa zaidi wa hoja hii ni kunyamazia suala la nani anabeba hatari. Kifungu cha 10 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 kinakataza kumiliki kinyume cha sheria programu iliyobuniwa kwa lengo la kutenda kosa. Ibara ya 6 ya Mkataba wa Budapest wa mwaka 2001 inatamka wazi kwamba majaribio ya mfumo yaliyoidhinishwa hayahesabiwi kuwa kosa. Kifungu cha 10 hakina tamko kama hilo. Kinga ya mwanafunzi imeegemea tafsiri ya "kinyume cha sheria" na ya lengo. Chuo cha Uhasibu Arusha, kilichoko Njiro, hutoa shahada ya usalama wa mtandao; suala hili, basi, si la ng'ambo pekee. Mhitimu atakayekutwa na zoezi la zamani katika kompyuta yake atajitetea peke yake, ilhali sifa ya kozi itabaki kwa chuo.

Hitimisho la uhakiki huu si kupiga marufuku. Zoezi linakubalika kimaadili pale chuo kinapotoa idhini ya maandishi inayomtaja mwanafunzi na muda wa zoezi, kinapohifumu nakala zote chenyewe, na kinapotuza alama kwa ugunduzi na tiba, si kwa ukali wa kirusi. Bila masharti hayo, mwalimu anawasha moto ambao mwanafunzi ndiye atakayedaiwa kuuzima.