Tairi Ikikaa

Kwetu Kinoo nyua nyingi ni za michongoma. Zikipogolewa, matawi huachwa njiani, na miiba yake hulala kwenye udongo mwekundu ikingoja tairi. Nilipokuwa na tyubu, ilikuwa nadra kwenda msitu wa Thogoto na kurudi bila kushika pampu. Siku nilipoona mwiba umezama kwenye tairi isiyo na tyubu, na upepo umebaki ndani, nilisimama kuutazama.

Fundi wangu yuko kando ya barabara ya Nakuru, penye kompresa ya kujaza matatu upepo. Wengi hudhani ufundi wa kuvisha tairi isiyo na tyubu ni ule mlio wa mwisho, tairi inapokaa. Mimi nasema umo kwenye utepe wa rimu. Anaifuta rimu kwa spiriti, anapitisha kidole juu ya matundu ya spoki akitafuta ncha kali, kisha anauvuta utepe kwa nguvu hadi ulale bila kikunjo, ncha zikipandana upana wa kiganja. Anaukandamiza kwa gumba mzunguko mzima, polepole, matatu zikimpigia honi mgongoni. Pakibaki kiputo, upepo utapenya usiku kucha kupitia matundu ya spoki, na asubuhi utaikuta tairi imelala. Tundu la valvu hulitoboa dogo kuliko shina lake, ili mpira wa chini ubane.

Tairi huivisha kwa mikono mitupu; chuma hakitaki karibu na utepe. Hupaka povu la sabuni, hung'oa kiini cha valvu, kisha hufungulia upepo. Kingo za tairi bado ziko bondeni, katikati ya rimu, na upepo unaokuja kidogokidogo hutorokea pembeni. Ukija kwa mkupuo, kingo hupanda mahali pake: pa! Halafu pa! nyingine. Hapo huzungusha gurudumu akitazama mstari mwembamba uliochorwa ubavuni mwa tairi. Ukizama popote, anatoa upepo na kupaka povu upya. Kulazimisha presha kupita kiwango kilichoandikwa kwenye tairi, hathubutu.

Dunlop, akiwa Belfast, alipata hataza ya tairi yake ya upepo mwaka 1888, na kampuni ya Mavic ilileta UST, mfumo wa tairi zisizo na tyubu za baiskeli za milimani, mwaka 1999. Muda wote huo tulikuwa tukibandika viraka! Sasa naenda na presha ya psi 22 mbele na 25 nyuma. Kwa presha hiyo mizizi ya msitu wa Karura ingeibana tyubu kwenye rimu na kuipasua. Eneo letu linaiheshimu baiskeli: kule Kikuyu, mwendesha baiskeli David Kinjah na kikundi chake cha Safari Simbaz wamewalea vijana wengi, Chris Froome akiwa mmoja wao, kabla hajashinda Tour de France mara 4.

Mwisho fundi humimina maji ya mpira ya kuziba matundu kupitia valvu, kama mililita 100, anarudisha kiini, anajaza upepo, anatikisa gurudumu na kulilaza juu ya ndoo, upande huu, kisha ule. Halafu huinama na kuweka sikio karibu na rimu. Juzi kulikuwa na mvumo mdogo karibu na valvu. Aliinua mkono tunyamaze, akaligeuza gurudumu maji yatelemke pale. Mvumo ukapungua, ukakatikakatika, ukakoma.