Mamlaka ya Msimamizi Ndani ya Kihariri Matini

Katika mifumo ya kompyuta ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, mafaili mengi yanayoamua jinsi mashine inavyofanya kazi huwekwa katika saraka ya /etc, nayo humilikiwa na mtumiaji mkuu aitwaye root, ambaye mfumo humtambua kwa namba 0 na ambaye karibu hakuna ruhusa anayonyimwa. Faili kama /etc/hosts, linaloorodhesha majina ya mashine na anwani zake, kwa kawaida husomwa na kila mtu lakini huandikwa na root peke yake. Kwa sababu hiyo, mtumiaji wa kawaida anayelifungua katika kihariri matini, yaani programu ya kuandika na kurekebisha maandishi matupu, atalisoma bila shida na kulirekebisha apendavyo, kisha atakataliwa pale anapotaka kulihifadhi. Njia za kukivuka kizuizi hicho ni kadhaa, na kinachozitofautisha hasa ni sehemu ya kazi inayokabidhiwa mamlaka ya root. Wepesi wa kuandika amri ni jambo la baadaye.

Njia iliyozoeleka ni kukiendesha kihariri chenyewe kupitia sudo. Programu hiyo, ambayo asili yake ni kazi ya Bob Coggeshall na Cliff Spencer huko Buffalo, New York, mnamo 1980 hivi, humwezesha mtumiaji aliyetajwa katika faili la /etc/sudoers kuendesha amri kwa utambulisho wa mtumiaji mwingine, aghalabu root, baada ya kuthibitisha nywila yake mwenyewe. Anayeandika sudo vim /etc/hosts ili kulifungua faili katika kihariri kiitwacho Vim huwa ameipa programu nzima mamlaka makuu, pamoja na programu-jalizi zozote itakazozipakia, ingawa haja yake ilikuwa mstari mmoja wa faili moja. Ni kama kumwachia fundi bomba funguo za nyumba nzima kwa sababu koki ya jikoni inavuja. Ndani ya Vim, amri fupi ya :!sh humfungulia aliyeketi kwenye kibodi sheli ya root, yaani programu inayopokea na kutekeleza amri zote za mfumo, hivyo msimamizi anayedhani kwamba amemruhusu msaidizi wake kurekebisha faili moja huwa amemkabidhi mashine yote. Hatari nyingine imo katika mafaili yenyewe. Vim ina desturi ya kusoma mistari ya maelekezo iliyoandikwa ndani ya faili ili ijipange kulingana nayo, na mwaka 2019 ilibainika kwamba, katika matoleo yaliyotangulia 8.1.1365, mistari hiyo iliweza kutumiwa kuendesha amri yoyote, kiasi kwamba kulifungua tu faili lililotegwa kulitosha kuleta madhara. Kwa kawaida Vim huizima desturi hiyo inapoendeshwa na root, lakini aliyeiwasha kisha akalifungua faili kama hilo akiwa root hana kinga yoyote iliyobaki.

Hali inayowapata wengi, hata hivyo, ni ya mtu aliyekwisha kuandika mistari mingi ndipo akagundua kwamba hana ruhusa ya kuihifadhi. Watumiaji wa Vim wana mbinu mashuhuri kwa ajili yake, nayo ni :w !sudo tee %, amri inayostahili kufumuliwa kipande kwa kipande. Herufi w ikifuatwa na nafasi na alama ya mshangao haihifadhi faili, bali huyapeleka maandishi yaliyo kwenye kihariri yawe ingizo la amri inayofuata. Alama ya asilimia hugeuzwa kuwa jina la faili linalohaririwa. Na tee ni programu ndogo inayoandika ingizo lake katika faili lililotajwa na papo hapo kulionyesha kwenye skrini. Mamlaka ya root hapa huifikia tee peke yake, huku Vim ikibaki na hadhi ya mtumiaji wa kawaida. Wanaoanza hujiuliza kwa nini isitumike alama ya > ambayo huelekeza matokeo ya amri kwenye faili, na jibu ni kwamba faili linaloelekezewa hufunguliwa na sheli ya mtumiaji kabla sudo haijaanza kazi, kwa hiyo katazo ni lilelile. Mbinu hii ni ya werevu, lakini ina ukali wake: tee hulifuta faili la zamani kwanza ndipo iandike jipya, na diski ikijaa katikati ya kazi, kilichobaki ni nusu faili. Tena Vim yenyewe haina habari kwamba faili limehifadhiwa, ndiyo maana humwonya mtumiaji kuwa limebadilika na kumuuliza kama alipakie upya. Katika Neovim, kihariri kilichotokana na Vim, mbinu hii kwa kawaida hukwama mahali pa kuombea nywila.

Suluhisho lililofikiriwa vizuri zaidi ni sudoedit, ambalo limo ndani ya sudo tangu toleo la 1.6.8 la mwaka 2004. Mtumiaji akiandika sudoedit /etc/hosts, sudo hulisoma faili kwa mamlaka ya root, hutengeneza nakala ya muda, kwa kawaida katika /var/tmp, na kuifanya nakala hiyo iwe mali ya mtumiaji. Kisha hukifungua kihariri kilichotajwa katika SUDO_EDITOR, VISUAL au EDITOR, kwa mfuatano huo, kikiwa hakina mamlaka yoyote ya ziada. Kihariri kikifungwa, sudo hukagua kama nakala imebadilika. Ikiwa haikubadilika, faili la asili haliguswi; ikiwa imebadilika, yaliyomo huandikwa ndani ya faili lilelile, jambo linalohifadhi mmiliki wake na ruhusa zake. Uandishi ukishindikana, nakala iliyohaririwa huachwa mahali pake na mtumiaji huonywa, hivyo kazi yake haipotei.

Hata mpango huo mzuri umewahi kutobolewa. Mwaka 2015 iligundulika kwamba pale msimamizi alipotumia alama ya nyota kuruhusu saraka nyingi kwa pamoja, mtumiaji aliweza kuweka faili-kiungo, yaani jina linaloelekeza kwenye faili jingine, na kwa hila hiyo akahariri asichoruhusiwa. Matoleo ya baadaye hukataa kufuata viungo hivyo isipokuwa yakiagizwa. Mwanzoni mwa 2023 ukatangazwa udhaifu mwingine, ambapo vistari viwili vilivyopachikwa katika jina la kihariri viliifanya sudo iyahesabu maneno yaliyofuata kuwa mafaili mengine ya kuhaririwa. Toleo la 1.9.12p2 liliziba tundu hilo.

Upande wa Emacs, kihariri kingine mashuhuri, kazi hufanywa na TRAMP, kifurushi kilichoanza kuandikwa mwaka 1998 kwa ajili ya kuhariri mafaili yaliyo kwenye mashine za mbali. Kwake root ni kama mashine nyingine tu: mtumiaji hufungua /sudo::/etc/hosts, nacho huanzisha sheli ya root pembeni na kuituma kusoma na kuandika, ilhali Emacs inabaki ilivyo. Kasoro ni kwamba sheli hiyo huendelea kuwa wazi kwa muda baada ya kuhifadhi. Ndiyo sababu ikaongezwa njia ya /sudoedit:, ambayo huiita sudo upya kwa kila tendo na haiachi kikao wazi, ingawa ni ya polepole na hutumika kwenye mashine ya hapo hapo tu.

Isidhaniwe kwamba njia hizi huulinda mfumo dhidi ya msimamizi mwenye nia mbaya, kwa kuwa aliyeruhusiwa kubadilisha /etc/passwd, faili la akaunti za watumiaji, au ratiba za kazi za root anaweza kujipa mamlaka yote bila kuhitaji sheli ya siri. Zinachozuia ni ajali, programu-jalizi zisizoaminika na upenyo usiokusudiwa, na hayo ni mengi ya kutosha. Kwa msimamizi wa seva, sudoedit iwe ndiyo desturi ya kila siku na tee iachwe kwa dharura. Faili la /etc/sudoers lenyewe lihaririwe kwa visudo pekee, kwa sababu visudo hulifunga lisihaririwe na wawili kwa wakati mmoja na hukagua sintaksia yake kabla ya kuliweka mahali pake.