Kumwingiza Dume Mgeni Katika Kundi la Bata Madume

Kila afugaye bata hufikia siku ambayo madume wamemzidi, kwani dume mmoja huwatosha majike wanne hata sita, na wanapoongezeka juu ya kadiri hiyo huwaandama majike pasipo kuwapa nafasi ya kula wala kupumzika, wakawanyonyoa manyoya ya shingo na, penye kidimbwi, huweza kuwazamisha hata wakafa. Ndiyo maana wafugaji wenye maarifa huwatenga madume wa ziada katika ua wao peke yao. Na kundi hilo la madume watupu, ambalo asiyelijua hulidhania kuwa ni kundi la vita, aghalabu hukaa kwa amani, maadamu hapana jike wa kugombewa. Tabu huzuka anapoletwa dume mwingine aliyekwisha komaa, kwa sababu huyo hapokewi kama kifaranga wa kuvumiliwa, bali kama mdai wa cheo.

Kadhia ninayotaka kuichambua ilipita Pangani, kwa bibi mmoja aliyekuwa na madume wanne wa bata hawa wa pwani wenye nyama nyekundu usoni, ambao asili yao ni Amerika ya Kati na ya Kusini, naye akapewa wa tano na jamaa yake aliyehamia mjini. Nimeichagua kwa kuwa kila alilolitenda bibi yule lilikuwa na sababu iliyo dhahiri, na sababu hizo ndizo zinazostahili kujulikana.

Kwanza mgeni alikaa muda wa mwezi katika tundu nyuma ya nyumba, na chombo chake cha maji, na bibi akawalisha wenyeji kwanza na mgeni mwisho, asije akawapelekea maradhi kwa mikono na viatu vyake. Hadhari hii si ya kupita kiasi, kwani bata aweza kuchukua virusi vya mdondo au vya mafua ya ndege pasipo kuonyesha dalili hata moja, na aliyepona tauni ya bata huweza kuwaambukiza wenziwe baada ya muda mrefu.

Kisha ua ukagawanywa kwa waya wa kuku, mgeni huku na wenyeji kule, na upande ule uliotazama banda la majike ukazibwa kwa makuti wasionekane kabisa. Hapa ndipo penye kiini cha jambo lote. Dume mkubwa wa wenyeji alifika kwenye waya siku ile ile, kishungi kimemsimama utosini, akisukuma kichwa mbele na nyuma, mkia ukitikisika, na kooni hamna kilio ila pumzi nzito inayosikika kwa karibu, kwani dume wa bata hawa hana sauti nyingine. Mgeni naye akajibu vivyo hivyo. Bibi hakuwafukuza; aliweka karai la pumba na dagaa kila upande, karibu na waya, hata wakawa wanakula wakitazamana, na siku zilivyoendelea kishungi kikawa kinasimama kwa nadra, mpaka wakalala mchana wakiegemea waya ule ule, huyu huku na huyu kule.

Mtaalamu wa Norway, Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeandika katika miaka ya 1920 juu ya daraja za kuku, alionyesha kuwa ndege wa ua mmoja hujuana mmoja mmoja, na kwamba kila wawili wakishaamua ni nani mkubwa, uamuzi huo hudumu na ugomvi hupungua. Kwa mujibu wa hayo, mgeni mzima huja na kesi nyingi kwa kadiri ya idadi ya wenyeji, na faida ya waya ni kwamba nyingi katika kesi hizo huanza kuamuliwa kwa macho, pasipo kucha wala mbawa kutumika.

Siku ya kuwakutanisha pasipo waya, bibi alimtoa dume mkubwa akamfungia katika tundu la nyuma, akamfungulia mgeni pamoja na watatu waliosalia, tena uani penye nafasi ya kukimbilia, si bandani penye pembe za kubanwa. Dimbwi lilikuwa limekwisha kaushwa, kwani dume humpanda mwenziwe majini akamshikilia kichwa chini. Yakabaki makarai yenye maji ya kutosha kuzamisha mdomo na kuosha macho tu. Punde wawili wakakabiliana kifua kwa kifua, wakashikana shingo kwa midomo, mbawa zikapiga. Mjukuu akanyanyua fito, akauliza, “Bibi, niwaamue?” Akajibiwa, “Waache, mjukuu wangu. Ukiwaamua sasa, kesho wataanza upya.” Naye alisema kweli, ila kwa sharti ambalo yeye mwenyewe alilishika: aliyeshindwa akikimbia na mshindi akamwacha, hapana neno; lakini damu ikitoka, au aliyeinama akiendelea kukanyagwa, hutenganishwa mara moja na kurudishwa nyuma ya waya.

Dume mkubwa alirudishwa baadaye, mgeni alipokwisha zoeleka, naye akamfukuza mara kadhaa kisha akaacha, kwa kuwa mgeni alimpisha kwenye karai kila alipokuja. Mgeni akatwaa daraja ya mwisho, akadumu nayo.

Nchi za Ulaya mfugaji huweza kungoja siku fupi za baridi, madume wanapopoa. Pangani, nyuzi tano tu kusini ya Ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo hapana msimu wa kungojwa. Kwa rai yangu, katika tadbiri zote za bibi yule waya ndio uliofanya kazi kubwa, na asiye na nafasi ya kuugawa ua wake asikubali kupewa dume wa ziada, hata akipewa bure.