Canon R5 C: Feni Waliiona, Tundu Hawakuliona

Januari 2022 Canon walitoa EOS R5 C. Wakaiingiza katika ukoo wa kamera zao za sinema, wakaipa feni, kisha ubavuni wakaiachia tundu la HDMI aina D, lile dogo kuliko yote. Uamuzi ule ulikuwa mbaya siku ile na haujawa mzuri hadi leo. Aliyewahi kufunga rekoda ya nje, kama Ninja, juu ya kamera hii anajua ninachosema.

Tuliangalie tundu lenyewe. HDMI kamili, aina A, ina upana wa milimita 14 hivi. Aina D haifiki hata 7, na pini 19 ni zilezile, zimebanwa humo. Haina kufuli wala skrubu. Kinachoshikilia kebo ni msuguano tu. Kila unapoigeuza kamera, uzito wa kebo unaning'inia kwenye kichuma chembamba. Kikisogea kidogo, rekoda inapoteza mawimbi na kurekodi kunakatika.

Sasa ipeleke kamera hiyo Lobule, kambi ya wakimbizi nchini Uganda. Umetoka Arua hadi Koboko, ukaingia barabara ya vumbi na vifaa mgongoni. Mbele yako ameketi mama aliyekimbia kutoka Kongo, anaeleza kwa Kiswahili jinsi alivyovuka mpaka. Umechagua kurekodi nje ya kamera, kwenye rekoda, kwa sababu za msingi: SSD ina nafasi kubwa kwa bei nafuu kuliko kadi za CFexpress, na ProRes haiitesi kompyuta ndogo wakati wa kuhariri. Katikati ya simulizi kebo inacheza, kioo cha rekoda kinakuwa cheusi. Utamwambia mama arudie kilio chake? Ushuhuda hauna "teki ya pili".

Watetezi watasema kuna vibanio vya kebo. Vipo, na mvitumie. Lakini kibanio huzuia kebo isichomoke tu; hakilifanyi tundu jembamba kuwa imara. Likilegea, kamera nzima inakwenda kwa fundi, na fundi wa kazi hiyo hapatikani Koboko.

Watasema pia nafasi ilikuwa finyu. Hapana. Mwili wa R5 C ulinenepeshwa makusudi ili feni ikae. Waliopata nafasi ya feni walishindwaje kupata milimita chache za tundu? Panasonic S1H ilikuwa na vyote viwili tangu 2019, feni na HDMI kamili. Sony a7S III ilitoka Julai 2020 na HDMI kamili, ikitoa RAW ya biti 16 kwenda kwa rekoda. Mfano ulikuwa mezani.

Nimelalamika miaka mingi kwamba kamera hizi hutuuzia kurekodi nje kama nyongeza, si kazi kamili. Sony a7S ya 2014 haikuweza kurekodi 4K ndani. Ililazimu rekoda, nayo ikapewa tundu dogo. Nikon Z6 ya 2018 ilitoa biti 10 kwa nje tu, na ukiitumia hivyo kadi ya ndani hairekodi, kwa hiyo hubaki na nakala ya akiba. Wazee wa kamera za mabegani walikuwa na BNC: unasukuma, unazungusha, inafunga. Hadi leo sijaona kitu bora.

Kwa haki, feni ilimaliza tatizo la joto lililoisumbua R5 iliyotangulia, na RAW ya ndani ya 8K ya R5 C ni kazi safi.

Julai 2024 Canon walitoa R5 Mark II yenye HDMI kamili. Hiyo ndiyo hukumu, na wameitoa wenyewe. Ndugu zangu wa Arua na Koboko mnaochanga fedha za kamera ya kazi: kabla ya kuuliza ina K ngapi, fungueni kifuniko cha ubavuni mtazame tundu. Likiwa dogo na kazi yenu ni kurekodi nje, irudisheni dukani.