Taasisi Ndani ya Sauti: Operation Ivy na Muziki wa Ska-Panki

Uhakiki wa muziki wa vijana umezoea kuipima bendi kwa urefu wa maisha yake na wingi wa santuri ilizouza. Kwa vipimo hivyo, Operation Ivy ya Berkeley, California, haistahili kurasa nyingi: iliundwa mwaka 1987, ikatoa albamu moja tu, Energy, na kuvunjika mwaka 1989. Hata hivyo, hutajwa daima miongoni mwa waasisi wa ska-panki nchini Marekani. Makala haya yanadai kwamba nguvu ya bendi hii, pamoja na udhaifu wake, inaeleweka vyema tukiisikiliza sauti yake kama alama ya taasisi iliyoilea.

Ska ilizaliwa Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1950. Sifa yake kuu ni gita au kinanda kugonga katikati ya mapigo makuu, huku tarumbeta, tromboni na saksafoni zikibeba kiini cha wimbo. Ala hizo hazikufika mikononi mwa wapigaji kwa bahati. Tommy McCook na Don Drummond, nguzo za The Skatalites, walifunzwa katika Alpha Boys' School ya Kingston, shule ya watawa iliyowapokea wavulana maskini na kuwafundisha muziki.

Operation Ivy ilikuwa na taasisi ya namna nyingine. Ukumbi wa 924 Gilman Street, uliofunguliwa Desemba 31, 1986, uliendeshwa na watu wa kujitolea, haukuuza pombe, na ulimpokea kijana wa umri wowote. Haukufundisha, ulitoa jukwaa na wasikilizaji. Matokeo yake yanasikika. Ala za upepo karibu hazimo kabisa. Gita la Tim Armstrong hugonga ska katika ubeti, kisha hufurika kelele ya panki kwenye kiitikio. Besi ya Matt Freeman, yenye mbio na madoido, huchukua kazi ambayo Kingston ingeipa tromboni. Ngoma za Dave Mello huharakisha yote, naye Jesse Michaels huimba kwa sauti iliyokwaruzika, kama msemaji wa mkutano asiye na kipaza sauti. Kasoro ipo papo hapo: pasipo ala za kupokezana na mwimbaji, nyimbo hukosa mahali pa kupumulia, na kadiri albamu inavyoendelea zinaanza kufanana.

Huenda ikadaiwa kuwa hili ni suala la ladha tu. Lakini bendi zilizovuma miaka ya 1990, kama Reel Big Fish, zilirudisha tarumbeta; katika nchi ambayo shule nyingi za sekondari zina bendi zao, wapigaji hawakukosekana. Ladha huchagua, ila huchagua katika kilichopo.

Gilman iliweza kulea, haikuweza kubeba. Umaarufu ulipouzidi ukumbi, bendi ilivunjika. Ni Rancid, iliyoanzishwa na Armstrong na Freeman mwaka 1991, iliyoifikisha sauti hiyo redioni.

Kwa washauri wa sera, funzo ni mahususi. Kabla ya kutenga fedha za tamasha na mashindano, yafaa kuuliza: nani anafundisha, ala ni za nani, na kijana wa miaka kumi na mitano atapiga muziki wapi bila kuingia baa?