Anayegawa Ruhusa

Mtu akilipa bili ya maji kwa simu, mitambo isiyomjua huandika habari zake. Huandika saa aliyolipa, namba ya muamala, anwani ya kifaa chake, ombi lilipita seva ipi na kama lilikwama, lilikwama wapi. Wahandisi huiita mistari hiyo logi, na kampuni yenye wateja wengi huweza kuzalisha mamilioni yake kwa siku. Hakuna jicho la binadamu linaloweza kuifuata yote, ndipo zikabuniwa programu za kuikusanya, kuipekua na kuichorea chati: Splunk ya Marekani, Elasticsearch ambayo Shay Banon aliitoa mwaka 2010, na Kibana, ambamo watu hutazama yaliyohifadhiwa ndani ya Elasticsearch. Programu hizi husifiwa kwa kasi ya utafutaji na kwa dashibodi zake. Mimi namsifu fundi asiyeonekana kwenye dashibodi yoyote, anayeamua nani aone nini.

Uzito wa kazi yake unatokana na tabia moja ya logi: hubeba siri ambazo hakuna aliyekusudia kuziweka humo. Mei 2018 Twitter iliwaomba watumiaji wake wote, takriban milioni 330, wafikirie kubadili nywila, kwa kuwa hitilafu ilikuwa imeziandika nywila wazi kwenye logi ya ndani. Mwaka uliofuata Facebook ilikiri kwamba nywila za mamia ya mamilioni ya watu zilikuwa zimehifadhiwa ndani ya kampuni kwa maandishi yanayosomeka, na Septemba 2024 mamlaka ya Ireland inayolinda data iliitoza Meta, kampuni mama ya Facebook, faini ya euro milioni 91 kwa ajili hiyo. Siri hizo hazikumwagika kwa sababu mdukuzi alivunja mlango. Zilikuwa zimelala ndani ya nyumba, na swali zito likawa ni wafanyakazi wangapi waliweza kuzifikia, na wangapi kati yao kazi yao iliwahitaji kufika huko.

Wazo linalomwongoza fundi huyu ni la kale kuliko programu zenyewe. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder walieleza kwamba kila programu na kila mtumiaji wa mfumo afanye kazi kwa ruhusa chache kabisa zinazotosha kuikamilisha kazi hiyo. Mwaka 1992 David Ferraiolo na Richard Kuhn wa NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, wakaeleza utaratibu ulioenea mpaka leo: ruhusa hupewa jukumu, kisha jukumu ndilo hupewa mtu. Mhandisi akihamia kitengo kingine huvuliwa jukumu la huku na kuvishwa la kule. Hakuna anayelazimika kukumbuka ruhusa zake moja moja.

Kwenye karatasi ni rahisi. Kazi yenyewe ni ya subira, kwa sababu inaanza kwa kuwafahamu watu kazini mwao. Chukua mhudumu wa zamu ya usiku anayeangalia kama seva ziko hai. Anahitaji kujua diski ipi inakaribia kujaa na seva ipi imekata mawasiliano. Je, anahitaji kusoma muamala wa mteja? Hata kidogo. Katika Elasticsearch ipo ruhusa ya kuangalia afya ya mfumo mzima ambayo haimfungulii mtu mstari hata mmoja wa data iliyohifadhiwa. Naiona kuwa miongoni mwa mambo mazuri kabisa katika fani hii: mtu analinda mali usiku kucha bila kulazimika kuichungulia. Mwandishi wa programu ya malipo naye apewe kusoma logi za malipo, bila uwezo wa kuzifuta. Wa huduma kwa wateja aone hali ya muamala, lakini sehemu yenye namba ya kitambulisho ifichwe machoni pake. Elasticsearch inaweza kuweka mipaka hadi kwenye sehemu moja ya rekodi, au kumruhusu mtu aone rekodi za tawi lake tu, ingawa vipengele hivyo viwili ni vya wenye leseni ya kulipia.

Angalia kwamba cheo hakijatajwa popote. Hapo ndipo fundi hodari hutofautiana na karani wa ruhusa. Bosi hupenda kupewa kila kitu, na wengi humpa kwa heshima au kwa woga. Fundi humuuliza kwa adabu: mheshimiwa, ungependa kujibiwa swali gani kila asubuhi? Kisha humtengenezea dashibodi inayojibu swali hilo. Mkurugenzi hupata anachohitaji bila kubeba mzigo wa data asiyoihitaji, na nywila yake ikiibwa siku moja, mwizi hataondoka na nyumba nzima. Kumnyima mtu ruhusa isiyo ya kazi yake ni kumlinda pia yeye mwenyewe, kwa sababu siku data ikivuja, asiyekuwa na ufunguo hashukiwi.

Kuna mtego unaowanasa hata wazoefu. Katika Elasticsearch majukumu hujumlishwa. Hakuna jukumu linalopunguza jingine. Mtu mwenye jukumu linalomruhusu kuona rekodi za tawi la Mwanza pekee, akiongezewa jukumu la pili linalosoma mkusanyiko huo huo wa rekodi bila kizuizi, ataona matawi yote. Kila jukumu ukilikagua peke yake halina kasoro. Hatari imo katika kukutana kwa majukumu hayo. Kwa hiyo fundi wa kweli haridhiki kwa kusoma maandishi ya jukumu. Huingia kwa akaunti ya majaribio yenye majukumu yale yale ya mtumiaji, kisha hujaribu yale yanayopaswa kukataliwa. Kuona yaliyoruhusiwa yanafanya kazi si ushahidi wa kutosha, maana hata msimamizi mwenye mamlaka yote angeyaona yakifanya kazi.

Splunk ina uamuzi mmoja ninaoupenda sana. Msimamizi wake mkuu, anayeweza karibu kila jambo, haruhusiwi tangu mwanzo kutumia amri ya kufuta matukio yaliyoandikwa kwenye logi. Ruhusa hiyo imewekwa katika jukumu lake la pekee, na anayeihitaji lazima apewe waziwazi. Hata akiitumia, matukio hayo hufichwa kwenye utafutaji tu, hayaondolewi kwenye diski. Walioamua hivyo walielewa kwamba logi ni ushahidi, na aliye na mamlaka makubwa kuliko wote ndiye asiyefaa kutembea na kifutio mfukoni.

Elasticsearch ilichukua njia ndefu zaidi. Kwa miaka mingi ulinzi wake wa majukumu na nywila ulikuwa bidhaa ya kulipia, na wengi waliiweka kwenye intaneti ikiwa wazi. Januari 2017 wavamizi walifuta data kwenye maelfu ya seva za namna hiyo na kuacha ujumbe wa kudai fidia. Julai 2020 shambulio lililopewa jina la Meow liliharibu maelfu ya hifadhidata bila kudai chochote. Ulinzi wa msingi ulikuwa umetolewa bure tangu Mei 2019, na Februari 2022, katika toleo la 8, ukawa unawashwa wenyewe mara programu inaposakinishwa. Saltzer na Schroeder walikuwa wamesema tangu 1975 kwamba kukataa kuwe ndiyo hali ya kuanzia. Ilichukua miaka 47, na gharama yake haikubebwa na watengenezaji peke yao.

Nusu ya pili ya ufundi huu haipigiwi makofi: kuondoa. Mtu akikosa ruhusa hulalamika kabla ya chai ya saa nne. Akibaki nayo baada ya kuhama kitengo, hakuna anayelalamika, na ruhusa hukaa hapo miaka. Ndiyo maana namheshimu zaidi fundi anayepitia orodha bila kuombwa, akauliza kila jina bado linafanya nini hapa. Kenya ina sheria ya kulinda data tangu 2019 na Tanzania tangu 2022, na sheria hizo zinamgusa moja kwa moja, kwa sababu namba za simu na majina ya wananchi yamo ndani ya hizo logi anazozifungua na kuzifunga.

Kama ofisi yako inatumia programu ya aina hii, omba leo orodha ya wote wenye mamlaka kamili. Ukikuta humo jina la mtu aliyekwisha kuacha kazi, anza na hilo.